Anania na Rangi ya Maiti

Jumatatu, 24 Septemba 1635

Leo nimekuwa Mtume Petro. Ndiyo, mimi Krijn, mkanyaga vitambaa vya sufu mstaafu wa mji huu wa Leiden! Wakubwa wa sanduku la sadaka za maskini wamemwagiza Bwana Evert mchoraji picha kubwa ya kutundika ukumbini mwao: Anania anadondoka akifa mbele ya mitume, kwa kosa la kuficha sehemu ya mali yake. Bwana Evert kapita mitaa yote akitafuta uso wa mtu wa Mungu. Akauona wangu. Nusura apige magoti.

Basi, basi. Hakupiga magoti. Wala mimi si Petro. Petro ni Wessel, jirani yangu wa chini, fundi mapipa, mwenye ndevu za beberu na pumzi ya kitunguu. Mimi ni Anania. Nalala juu ya mbao, kinywa wazi, nimekufa. Bwana Evert aliniambia nina uso wa mtu aliyeficha kitu. Nikamwuliza kitu gani. Akasema sura hiyo hiyo, Mzee Krijn, usiibadilishe.

Safira, mke wa Anania, ni Lijsbet muuza mikunga, wale samaki kama nyoka, wa pale darajani. Anasimama mlangoni, bado hajui kama mumewe kafa. Alisema hajawahi kupata mume mtulivu kama mimi.

Sinung'uniki. Maiti yuko karibu na moto. Kuna bia, mkate na jibini. Na nje huko tauni inakula watu, kengele ya kanisa haipumziki. Kila nikitoka naona mlango mwingine umetundikiwa kifungu cha majani makavu, dalili kwamba ndani kuna mgonjwa. Afadhali kufa kwa kujifanya.

Jumanne, 25 Septemba

Wessel anaufurahia utume kupita kiasi. Anasimama juu yangu, kidole kimenyooka mpaka puani, ananguruma kwamba nimemdanganya Roho Mtakatifu, Krijn wee! Nikamkumbusha kuwa jina ni Anania. Akasema kwa Roho Mtakatifu ni mamoja. Akaongeza la kwake, kwamba hata ngazi yake sijairudisha tangu Pasaka. Hayo hayamo katika Matendo ya Mitume. Nimeuliza.

Jioni nikawa natoka, na kipande cha jibini ya bizari kwapani (kidogo tu, kilikuwa kinajikaukia mezani hakina mwenyewe). Nikamsikia Bwana Evert jikoni akimwambia mkewe, Bibi Machtelt. Maneno yake ni haya: Kesho nampaka yule mzee rangi ya maiti. Petro atasubiri zamu yake.

Rangi ya maiti!

Nikamkimbilia Wessel. Ni mjinga, lakini amekaa na wachoraji kuliko mimi, aliwahi kuwa Nuhu. Nikamwuliza kwa mbali, kama mtu anayeuliza bei ya karoti. Uso wake ukajaa huruma, ile huruma ya paka. Ala, mwenzangu, kumbe hukujua? Kila mchoraji ana chungu chake. Ukishapakwa, umeshaandikwa. Akaniuliza yule mchinja ng'ombe aliyechorwa Goliathi yuko wapi. Nikasema makaburini, tangu Agosti. Na yule aliyekuwa Lazaro? Makaburini. Nikapiga kelele kwamba Lazaro alifufuka!

Wessel akatikisa ndevu. Kwenye picha, Krijn. Kwenye picha.

Jumatano, 26 Septemba

Nimepata akili. Mtu ambaye hayupo hapakwi rangi. Asubuhi nikamtuma mama wa maziwa akamwambie Bwana Evert kwamba siji, naumwa.

Naumwa! Mwaka huu! Katika maneno yote ya duniani!

Maziwa hayajaisha ndooni, mtaa mzima una habari. Madirisha pa, pa, pa. Wessel akapanda ngazi nusu, kitambaa cha siki puani, akauliza viatu vyangu ninamwachia nani. Mara akaja tabibu wa tauni, na nyuma yake mtu wa mji na kifungu cha majani makavu, misumari na nyundo. Nyundo imeshainuliwa! Ukitundikiwa majani hutoki. Ukiruhusiwa kutoka ni na fimbo nyeupe mkononi, watu wanakukimbia, mpaka unakufa kwa upweke kama tauni imekusahau.

Nikashuka mbio, nikaanza kucheza. Barabarani, na shati la kulalia. Nikaruka, nikapiga makofi, nikaimba zaburi kwa mdundo ambao Daudi asingeutambua. Tabibu akaniamuru nisimame, niinue mikono. Akanigusa kwapa la kulia kwa ncha ya fimbo. Safi. Akagusa la kushoto.

Akaruka nyuma kama kaumwa na nyoka. Mtoki! Uvimbe wa tauni, mgumu, mkubwa kama yai!

Watu wakakimbia. Nami nikakimbia, nikasahau kwamba kwapa lenyewe ni langu. Nilifika darajani kwa Lijsbet ndipo mtoki ukadondoka, ukabingirika kwenye mawe, ukasimama mbele ya mbwa. Mbwa akaula.

Ilikuwa ile jibini. Nimelala nayo kwapani, panya wa darini wasiipate.

Lijsbet akasema tauni ya mwaka huu ina bizari. Majani hayakutundikwa. Lakini habari zikafika kwa Bwana Evert, akaleta ujumbe kwamba hakukosea hata kidogo kumchagua Anania wake, na kesho nisipofika atakuja kunibeba.

Alhamisi, 27 Septemba

Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake. Mimi nikaamua kumkimbiza Wessel.

Nilifika mapema, Bwana Evert bado yuko juu anavaa. Nikamwambia Wessel namwonea huruma kwa magoti yake, yanalia kama milango. Nikamwambia maiti analala, maiti anaota moto, maiti hata akisinzia hafokewi. Tubadilishane siku moja tu. Akakubali upesi mno. Akalala chini, akakoroma. Nikavaa joho la Petro, nikanyoosha kidole. Nikajisikia salama kama mfuko wa tajiri.

Bwana Evert akaingia, brashi mdomoni. Akanitazama kwa muda. Akasema Petro leo ana sura ya bawabu wa kilabu cha pombe, lakini si neno, kwa kazi ya leo sura haina haja. Anania alimmaliza jana bila mwenyewe kuwapo. Leo ni zamu ya Petro kupakwa rangi ya maiti.

Akafungua chungu. Ndani mna kijivu na kahawia, kama matope ya mfereji.

Nikaona giza.

Yaliyofuata nimesimuliwa na Lijsbet. Nilimwangukia Wessel. Wessel akazinduka amefunikwa na joho langu, hajui ni Petro au ni mauti, akapiga ukelele. Lijsbet akaona wazee wawili chini, akajua ni tauni, akarusha kikapu cha mikunga, akapiga wa kwake. Bwana Evert hakumsaidia mtu. Alipiga kelele kwamba yeyote asiniguse! Mdomo wangu usifungwe! Akachora kama mwehu, akisema hatimaye, hatimaye. Mkewe alipokuja kunipepea alimfukuza, eti anazuia mwanga.

Nilipozinduka, Bibi Machtelt alikuwa amekaa sakafuni kwa kicheko. Akanieleza, machozi yakimtoka. Rangi ya maiti ni mkono wa kwanza tu, mpako wa msingi. Kila kitu kwenye picha huanza hivyo: nguzo, meza, mbwa, hata nuru ya Mungu. Huachwa ikauke, ndipo unakuja mkono wa pili, rangi ya uhai. Goliathi kafa kwa tauni kama watu wengine. Lazaro kafa kwa pombe. Na Wessel alilijua hilo tangu enzi za Nuhu.

Wessel alicheka mpaka ndevu zikamwingia mdomoni.

Aibu. Lakini faraja! Nimekula vizuri. Sijambo kabisa.

Jumamosi, 29 Septemba

Si kweli kwamba sijambo.

Nimemwuliza Bwana Evert, bila haraka, nikitazama dirishani, ile rangi yangu ya uhai napakwa lini. Akasema Jumatatu Petro. Kisha Safira. Kisha mbwa.

Na mimi?

Akanitazama kama mtu anayemtazama kuku aliyeuliza swali. Wewe ni maiti, Mzee Krijn. Rangi ya maiti inakutosha. Nikiongeza nitaharibu.

Mbwa! Mbwa atakuwa hai, mimi nibaki na mkono wa kwanza!

Jumatatu, 1 Oktoba

Ushahidi uko wazi kwa mwenye macho. Bwana Evert amempaka Wessel wekundu wa mashavu na nuru kwenye paji la uso. Wessel huyu huyu aliyekuwa akichechemea, leo kapanda ngazi anapiga mluzi. Mimi vidole vimekuwa baridi. Nimetema mate asubuhi, yalikuwa ya kijivu. Au pale palikuwa na giza. Lakini kwa nini pawe na giza asubuhi?

Mwokaji mikate wa ng'ambo ametundikiwa majani. Alinipa mkate Jumamosi. Kwa mkono wake. Nimenawa kwa siki mpaka nanuka kachumbari.

Isitoshe, Bwana Evert analalamika kwamba mafuta yake ya kitani ya kuchanganyia rangi yanapungua chupani, na kila akisema ananitazama mimi. Mimi sinywi mafuta ya rangi! Niliyaonja mara moja tu, hayana maana.

Jumatano, 3 Oktoba

Siku ya Ukombozi wa mji. Leiden nzima imekwenda kupokea samaki wa heringi na mkate mweupe wa ukumbusho. Mimi nimemwacha heringi wangu. Nimemwacha! Mtu na apime hapo ukubwa wa shida yangu.

Mlango wa uani wa Bwana Evert hufungwa kwa kamba. Nikaingia. Kimya. Nikavuta shuka iliyofunika turubai, nikajiona. Jamani! Mkubwa, wa kijivu, kinywa wazi, na nuru yote ya chumba imenimwagikia mimi. Nililia kidogo. Alikuwa mtu mzuri.

Nyekundu ilikuwapo kwenye ubao wa rangi, mbichi. Nikachovya kidole. Tone kwenye shavu. Uhai ukaja! Shavu la pili likaona wivu, nikalipatia nalo. Midomo. Pua, kwa sababu siku zote imekuwa hivyo. Masikio. Kucha. Joto likanipanda kutoka nyayoni, naapa, nikawa nimeota miguu ya kijana.

Ndipo nikasikia harufu tamu ya kukaanga. Nikachungulia jikoni. Bibi Machtelt, aliyeaga kwamba anakwenda kanisani, amesimama mbele ya kikaango anapika chapati za maji. Na mkononi ana chupa. Chupa ya mafuta ya kitani ya mumewe.

Akanitazama kidole. Nikamtazama chupa.

Akanipa chapati moja, nikaila nikitoka. Ilikuwa na ladha ya mlango mpya.

Alhamisi, 4 Oktoba

Wakubwa wa sanduku la maskini wamekuja kuitazama picha. Nguo nyeusi, kola nyeupe kama sahani. Tulipangwa ukutani, Wessel, Lijsbet na mimi. Bwana Evert akavuta shuka kwa madaha.

Mmoja akasema Anania anapumua. Wa pili akamwambia anapumua wapi, huyu amelewa. Wa tatu akauliza kwa adabu kama hiki ni kifo cha Anania au ni karamu ya Kana. Mkubwa wao, mwenye tumbo, akasema hawezi kutundika mlevi juu ya sanduku la maskini, maskini wataiga.

Bwana Evert akawa mweupe, kisha mwekundu kuliko mimi pale turubaini. Akachovya kitambaa katika mafuta, akafuta. Nyekundu ikatoka. Shavu likatoka nayo. Alikaza, pua ikatoka. Kumbe mkono wa kwanza haukuwa umekauka vizuri. Alipoacha, juu ya shingo yangu hapakuwa na mtu. Palikuwa na alama ya kitambaa.

Nikajishika uso. Ulikuwapo. Lakini sikuuamini.

Wakubwa walipoondoka, Bwana Evert akatuambia tuonyeshe mikono. Nilikuwa nimenawa. Nilisahau kucha. Akanitupa nje, akanitupia na kiatu, na kiatu chenyewe hakikuwa changu. Bibi Machtelt muda wote alikuwa dirishani anaimba zaburi taratibu, kana kwamba nyumba haina watu.

Ijumaa, 5 Oktoba

Niko hai! Nimeelewa yote sasa. Maiti imefutwa, basi sina maiti. Hakuna sura, hakuna rangi, hakuna kaburi. Mkono wa Mungu ni mrefu na umeshika kitambaa. Nimekwenda darajani nikamtangazia kila mtu kwamba nimestaafu kufa.

Lijsbet akaendelea kuchuna mkunga. Akasema vizuri, baba, maana Anania wa sasa ni Wessel.

Wessel! Si yeye ndiye Petro? Ndiyo, ni wote wawili, anajilaani mwenyewe. Bwana Evert atambadilisha ndevu, hakuna atakayejua.

Na Wessel mwenyewe akapita, kifua mbele. Alikuwa akiwaeleza watu kwamba Petro yuko pembeni kivulini, Petro hata mnyoa kondoo anaweza kuwa. Lakini nuru, mabwana, nuru yote iko kwa maiti! Mtu akiingia ukumbini, kofia bado iko kichwani, macho yanamwendea maiti. Na Bwana Evert kasema rangi zake zitadumu mpaka wajukuu wa wajukuu wetu wawe vumbi.

Nuru yangu! Mahali pangu! Nani alianguka mpaka akazimia kweli kweli, ili mlalo ule upatikane? Wessel? Wessel alikuwa godoro!

Jumamosi, 6 Oktoba

Asubuhi nimekwenda kwa Wessel na jagi la bia. Nimempongeza. Nimemwambia sina kinyongo, ila kama jirani sitaweza kuishi na dhamiri yangu nikinyamaza. Akauliza ukinyamazia nini. Nikasema hakuna kitu, kunywa. Akauliza tena.

Basi nikamwambia. Kwamba Bibi Machtelt alitueleza kweli, lakini alitueleza nusu. Mkono wa pili ni wa walio hai tu. Maiti hapewi. Amwulize Bwana Evert mwenyewe kama ni uongo. Je, Goliathi alipakwa mkono wa pili? Lazaro je? Mwenye picha alimtaka akiwa bado na sanda, kijivu hivyo hivyo. Na yule mfumaji wa kule lango la mashariki, aliyekuwa kichwa cha Yohana kwenye sinia? Huyu wa tatu nilimtunga papo hapo. Nikasema alikutwa kitandani, na shingo imezungukwa na mstari mwembamba, kama uzi.

Wessel akacheka. Akacheka tena, kwa ufupi zaidi. Akauliza uzi wa rangi gani. Kisha akajipapasa kwapa.

Kufika adhuhuri alikuwa ameshamwambia Bwana Evert kwamba magoti yake hayawezi kulala, yamezoea kusimama, yeye atabaki Petro wa kivulini na Mungu ambariki kila mtu. Bwana Evert akapanda mpaka darini kwangu, hana hata kofia. Akasema ananichukia. Akasema hakuna mtu Leiden anayekufa vizuri kama mimi. Jumatatu asubuhi, mikono nikiwa nimefungwa kwa kamba nisiguse rangi, nakubali au sikubali? Nilitaka kumjibu kwamba nitafikiri. Nilijikuta nimeshamshika mkono.

Nimeshinda! Nuru ni yangu. Wessel na ndevu zake wakae gizani!

Tatizo ni moja. Nilimsimulia Wessel vizuri mno. Goliathi simwogopi sana, alikuwa mnene. Lazaro alikunywa. Lakini yule mfumaji wa kichwa kwenye sinia, niliyemtunga mimi mwenyewe, tangu mchana sipati raha naye. Nimejitazama shingo kwenye ndoo ya maji. Kuna mstari. Huenda ni wa kola. Miguu imekuwa baridi tena, na kengele imeanza kulia, sijui inamlilia nani, siendi kuuliza.

Bibi Machtelt, habari za chapati sijamwambia mumeo, wala sitamwambia. Lakini nawe ulinipa ile chapati ukijua una deni kwangu. Silitaki kubwa. Bwana Evert akishamaliza, kabla wakubwa hawajaja kuichukua picha, chovya kidole chako kwenye nyekundu. Tone moja. Nyuma ya sikio, lile la upande wa kivuli, ambako hata mkubwa mwenye tumbo hawezi kuinama. Moja tu, bibi.

Au mawili, kama kidole kimeshachovya.